Dozi Hamsini za Sabuni

Wenzangu mnaobaki stoo mmeniomba niandike mambo mawili matatu kabla sijayasahau, na mmeniletea daftari la kurasa mia mbili. Nawashukuru kwa imani. Vyeo sitaviandika, maana vilikuwa vichache na vyote vilichelewa, na mshahara mnaujua kwa sababu na ninyi mnaupokea. Nitaandika habari za neno moja tu, neno la Kiingereza la kuhesabia vitu, ambalo siku moja nililifupisha kwa herufi tatu na nukta, nikakaribia kumpeleka mtu jela. Neno lenyewe ni dazeni.

Niliripoti ghala la dawa la mkoa miaka ile ya mwanzo wa ruksa, vitu vilipoanza kurudi madukani. Ninyi mkisikia habari za uhaba mnadhani tunatia chumvi. Mimi nimesoma sekondari nikifua sare kwa majani ya mpapai, na hiyo chumvi yenyewe ilikuwa ya foleni. Kisha milango ikafunguliwa, sabuni zikaingia za kila rangi, nyingine zikinukia matunda ambayo hakuna mtu wa mtaa wetu wa Makole aliyewahi kuyala. Watu walizinusa kwanza, wakazirudisha kwenye karatasi zake, wakaziweka kabatini katikati ya nguo za sikukuu. Kuziogea kulihitaji moyo. Basi nikaja kazini na cheti cha utunzaji wa vifaa, kalamu mbili mpya, na Kiingereza kingi kuliko kazi iliyokuwepo.

Mkuu wa stoo alikuwa Mzee Salum, Mrangi wa Kondoa, mfupi, mwenye koti la kaki na kofia ya kufuma ambayo sikuwahi kuiona imepinda. Alikuwa na kisu kidogo cha kufungulia maboksi, kimenolewa mpaka kimebaki nusu, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukishika. Nilimwamkia, akaitikia, akakiangalia cheti changu mbele na nyuma kana kwamba anatafuta tarehe ya kuisha muda.

"Dazeni moja ni vitu vingapi, binti?"

"Kumi na viwili, mzee."

"Nionyeshe kwa mikono."

Nikainua vidole vyote kumi, halafu nikakwama. Nilitazama miguu yangu, lakini nilikuwa nimevaa viatu.

Mzee Salum akainua mkono wake wa kulia peke yake. "Kidole gumba ni karani," alisema. "Vidole vinne ndiyo mali." Akaanza kugusa kwa gumba pingili za kidole cha mwisho: moja, mbili, tatu. Akahamia kinachofuata: nne, tano, sita. Alipofika juu ya kidole cha shahada alikuwa na kumi na mbili, na mkono wa kushoto ulikuwa bado haujafanya kazi yoyote. Alikuwa amezoea pingili hizo kwa ajili ya kuleta tasbihi baada ya sala, akaona hakuna sababu ya kuziacha zikae bure saa za kazi. Mkono wa kushoto aliutumia kuhesabu dazeni zenyewe, pingili moja dazeni moja, hivyo mikono miwili ikimalizika ana grosi nzima, vitu mia moja arobaini na vinne, na hajafungua mdomo. Nilimwona akihesabu lori zima namna hiyo huku akizungumza na dereva habari za mvua.

Aliipenda dazeni kwa sababu za kikazi. Kumi, alisema, ukizigawia zahanati tatu unabaki na kimoja mkononi na barua ya malalamiko mezani. Kumi na mbili unaigawa kwa mbili, kwa tatu, kwa nne na kwa sita, na kila mtu anaondoka ametulia. Asili ya neno pia aliijua. Kulikuwa na padri mmoja wa misheni aliyefuata dawa kwa pikipiki, na hati zake zilichukua muda mrefu kupigwa mhuri kiasi kwamba alipata nafasi ya kumfundisha Mzee Salum Kilatini kidogo. Kwa maelezo ya padri, Waingereza hawakulitunga neno hilo. Walilichukua kwa Wafaransa, Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, na huko mwanzo lilikuwa maneno mawili yaliyounganishwa, mbili na kumi.

"Unaona?" Mzee Salum aliniambia. "Kwao mbili na kumi, kwetu kumi na mbili. Neno limezunguka Ulaya nzima, likapanda meli ndani ya maboksi, likaletwa kwa treni mpaka hapa, kuja kutuambia kitu tulichokuwa tunakijua."

Kuna mambo mawili ya neno hilo ambayo hakuyapenda. La kwanza, Mwingereza akilisema kwa wingi, linaacha kuhesabu. Akisema ameona dazeni za watu, hajahesabu mtu yeyote, anamaanisha wengi tu. Mzee Salum aliona huo ni uhuni. La pili ni dazeni ya mwokaji mikate, ambayo ni kumi na tatu. Zamani huko Uingereza mwokaji aliyepunja wateja aliadhibiwa vikali, basi kwa woga waokaji wakawa wanaongeza mkate mmoja juu ya kumi na mbili ili lawama isiwafikie. Mzee Salum aliuita mkate huo wa kumi na tatu "cha jela". Boksi lolote lililokuja na kipande cha ziada, alikitenga pembeni, akakiingiza kwenye leja, akaniambia, "Huyu mtengenezaji aliogopa jela." Mama wa sokoni naye anakupa nyongeza, alisema, lakini yule anataka tu kesho urudi.

Sheria yake kuu ilikuwa hii: neno dazeni liandikwe lote. Maboksi ya nje yalikuja yameandikwa *doz.*, na yeye aliikata kila moja kwa kalamu, akaandika chini yake DAZENI kwa herufi kubwa. "Wino ni wa serikali," aliniambia. "Usiuonee huruma." Mimi niliitikia kwa adabu, nikajisemea moyoni kwamba huo ni ushamba wa wazee. Kwenye cheti changu tulifundishwa vifupisho ukurasa mzima, na nilikuwa nimepata alama zote.

Mwezi wangu wa nne, nikiwa bado kwenye majaribio, Mzee Salum alikwenda Kondoa likizo kuvuna. Aliniachia funguo, leja, kaboni, na maagizo marefu. Kisu aliondoka nacho. Wiki hiyohiyo tukapokea sabuni za msaada, nyingi sana, vipande vyeupe visivyo na harufu wala picha ya mwanamke anayecheka, kila boksi dogo na vipande vyake kumi na viwili. Zilikuwa za kugawiwa zahanati na vituo vyote kwa ajili ya kunawia mikono wahudumu na kufulia mashuka ya wazazi.

Hati ya kwanza niliyoiandika peke yangu ilikuwa ya zahanati moja ya kijijini, nje ya mji, ng'ambo ya Ihumwa. Kijiji sitakitaja, maana watu wake wapo na wana kumbukumbu nzuri. Nikakaa vizuri kwenye kiti cha Mzee Salum, nikaandika kwa mwandiko wangu wa cheti: *Sabuni, 10 doz.* Nukta niliiweka kwa madaha. Maana yangu ilikuwa vipande mia na ishirini vya kutumia nusu mwaka.

Zahanati hiyo ilikuwa na mtumishi mmoja tu, Tabitha, mhudumu wa afya, Mgogo wa palepale, rika langu. Mganga wake alikuwa amehamishwa, na wa kuchukua nafasi yake alikuwa njiani tangu mwaka uliopita. Tabitha alifungua, akafagia, akachoma sindano, akapokea watoto, akafunga. Kiingereza alikijua kile cha kwenye chupa za dawa. Yeye alipoona *10 doz.* hakuona dazeni hata kidogo. Aliona neno alilolitumia kutwa nzima, neno alilokuwa amelibandika ukutani kwa mkono wake mwenyewe: MALIZA DOZI HATA UKIPATA NAFUU. Mkoa umeleta dozi kumi za sabuni. Kila dozi iko kwenye boksi lake, vipande kumi na viwili. Tatizo lilikuwa wapi?

Baada ya wiki tatu nikapokea ombi lake, limeandikwa safi kwenye karatasi ya daftari: "Zile dozi kumi zimekwisha na wagonjwa wanaendelea vizuri. Naomba dozi arobaini za sabuni, wengi bado hawajapata."

Hapo ndipo cheti changu kilipofanya kazi. Niliposoma "dozi" nikacheka peke yangu. Nikajua ni *doz.* iliyotiwa irabu ya Kiswahili mwishoni, kama tulivyofanya kwa benki na boksi. Masikini, nikasema, huko vijijini wanajitahidi. Habari ya wagonjwa kuendelea vizuri niliichukua kama salamu. Nikaandika: *40 doz.* Lori likabeba vipande mia nne na themanini, na mimi nikaendelea kunywa chai.

Mzee Salum aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya sabuni. Gumba lilitembea kwenye pingili, likasimama mapema sana. Akafungua leja, akafungua nakala za kaboni. Nilitegemea anifokee. Alichofanya ni kugeuza nakala mbili zile kuelekea upande wangu, akaweka kidole kwenye nukta yangu ya madaha, akaenda kusali adhuhuri.

Kabla hajapata muda wa kuzungumza nami, Mkaguzi akafika. Nitamwita hivyo tu, Mkaguzi. Alitumwa kutoka makao makuu, kijana mrefu mwenye tai na mkoba wenye kufuli la namba. Miaka ile watumishi walikuwa wanapunguzwa kila idara, na kila mkaguzi alitembea na orodha yenye nafasi tupu. Kituo kimoja cha wazazi kilikuwa kimeandika kwamba hakina sabuni ilhali msaada umefika, na kumbe mgao wao wote ulikuwa umekwenda ng'ambo ya Ihumwa. Mkaguzi alizisoma hati, akajumlisha, akapata vipande mia sita kwa zahanati moja ya mtu mmoja.

"Huyu mwanamke anauza," alisema. "Hii sabuni iko sokoni saa hizi. Mzee, hii ni open and shut case, haina mjadala. Naondoka na barua yake ya kuachishwa, na polisi watamfuata Jumatatu."

Nilianza kuelewa kwamba kuna kitu hakiko sawa na ile salamu ya wagonjwa, lakini sikujua ni nini, na kusema ukweli sikutaka kujua. Nilikuwa na miezi miwili tu ya majaribio iliyobaki. Ningekaa kimya, Tabitha angekuwa mwizi na mimi ningekuwa karani. Nayaandika haya wazi kwa sababu mmezoea kuniona nikiwahubiria uaminifu kila Ijumaa.

Mzee Salum alimwambia Mkaguzi tu kwamba kabla ya polisi ni vizuri kwenda kuhesabu. Akaniambia na mimi nipande gari.

Tulifika asubuhi. Kwenye kibaraza cha zahanati palikuwa na foleni ya kina mama na watoto, na kitu cha kwanza nilichokiona ni jinsi walivyokuwa wasafi. Si usafi wa kawaida. Khanga zilikuwa zimefuliwa mpaka maandishi yake yamepauka. Kuna mtoto alikuwa anang'aa magoti. Na mnajua maji ya upande ule wakati wa kiangazi: ndoo moja ni nusu siku ya kutembea.

Tabitha alitoka akijifuta mikono kwenye gauni. Akatuamkia, akatafuta viti, vilikuwa viwili, akakalisha Mzee Salum na Mkaguzi.

"Sabuni ziko wapi?" Mkaguzi alianza bila kupoteza muda.

"Zimekwisha, bwana. Nilikuwa naandika ombi lingine."

"Zimekwisha mia sita?"

"Dozi hamsini," alisema Tabitha. "Zimekwisha zote."

Aliingia ndani, akatoka na rejista. Akampa Mkaguzi. Kulikuwa na majina hamsini ya wakuu wa kaya, yamepangiwa mistari kwa rula, na mbele ya kila jina ugonjwa, upele au macho, kisha visanduku kumi na viwili vidogo, kila kimoja kimetiwa alama ya vema. Juu ya ukurasa ameandika maelekezo: "Kipande kimoja kwa siku, siku kumi na mbili. Kuoga mwili mzima asubuhi na jioni, kunawa uso kila mara, kinachobaki kufulia nguo na vya kulalia. Isikatishwe."

Mkaguzi alisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo. "Dozi," alisema. "Ya sabuni."

"Ndiyo, bwana."

Mkaguzi hakuamini. Alichagua mtu kwenye foleni, bibi mmoja aliyekaa mbele kabisa na fimbo yake, akidhani mtu wa umri ule atasema ukweli bila kupangwa.

"Mbukwenyi," bibi alituwahi kwa salamu ya Kigogo.

"Mbukwa," aliitikia Mzee Salum, kwa sababu Mkaguzi hakujua aitikie nini.

"Bibi, ulipewa nini hapa?"

"Dozi."

"Dozi ya nini?"

"Ya sabuni. Kali sana."

"Kali vipi?"

"Mjukuu wangu, siku ya tano upele wote ulikwisha. Nikasema niache, maji yenyewe yako kule mbali. Huyu binti akanifuata nyumbani." Akamnyooshea Tabitha fimbo. "Akasema usipomaliza dozi ugonjwa utarudi na hasira. Nikamaliza. Nimechubuka shingo. Hata mbuzi nilimwosha, ili kipande kiishe."

Foleni nzima ikaanza kuzungumza kwa pamoja. Mwanamke mmoja alisema mumewe alikataa dozi ya jioni akalazwa nje. Mwingine alisema watoto wake walikuwa hawafungui macho asubuhi bila kubanduliwa, sasa wanamwamsha yeye. Malalamiko yaliyokuwepo yalikuwa ya maji tu. Dawa hii, walisema, ingefaa iletwe na maji yake.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Mzee Salum. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikawa nakohoa.

Mkaguzi alifunga rejista. Nadhani aliona aibu, na mtu wa ofisi akiona aibu hutafuta kifungu. "Haya yote hayabadilishi kitu," alisema. "Umegawa mali ya serikali kinyume na matumizi yake. Wewe mwenyewe ulichukua ngapi?"

"Mimi?" Tabitha alishangaa. "Mimi sikuwa mgonjwa."

"Kwa hiyo mikono unanawa na nini?"

Tabitha akaonyesha kopo kwenye kona ya kibaraza. Lilikuwa na majivu. Mikono yake, aliyokuwa anaifuta kwenye gauni tulipofika, ilikuwa imepasuka kila pingili. Vipande mia sita vilipita mikononi mwake na hakubakisha hata kimoja, maana dozi ni ya mgonjwa. Hapo nikohoe nisikohoe, machozi yalitoka.

"Nani alikuambia hii ni dozi?" Mkaguzi aliuliza.

"Ni ninyi, bwana. Hati hii hapa." Alikuwa ameitunza kwenye nailoni. "Imeandikwa."

Mkaguzi akaisoma. "Ten dozen. Inasomeka wazi. Doz. ni kifupi cha dozen, kila mtu anajua hivyo. Hujui Kiingereza, hilo ni kosa lako. Na mimi nina dozens za malalamiko juu ya sabuni hii."

Mzee Salum, ambaye muda wote alikuwa ametulia, akainua mkono wa kulia, gumba likiwa tayari kwenye pingili ya kwanza. "Dazeni ngapi, bwana Mkaguzi?"

"Nini?"

"Malalamiko. Dazeni mbili ni ishirini na nne. Tatu ni thelathini na sita. Nihesabu."

Mkaguzi akafungua mkoba, kufuli likamsumbua kidogo, akatoa barua. Ilikuwa moja. Akatafuta chini yake, akapata nakala ya hiyohiyo.

"Basi na wewe umelitumia vibaya," alisema Mzee Salum kwa upole. "Wewe mwenye Kiingereza chako. Huyu ataliwezaje?" Kisha akashusha mkono, akanyamaza, na ukimya ule ulikuwa wangu. Hakugeuka kunitazama. Alinipa nafasi tu, kama mtu anavyosogea kwenye benchi.

Nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka. "Mwandiko ni wangu, bwana. Mzee alinikataza kufupisha, nikafupisha ili nionekane ninajua. Tabitha aliniandikia 'dozi' kwa herufi zote, nikamcheka, sikumuuliza. Kama kuna wa kuandikiwa barua, mimi ndiye Eliza, jina langu la pili utalikuta kwenye hati."

Mkaguzi alinitazama, akamtazama bibi wa mbuzi, akaitazama orodha yake. Nadhani alikuwa anajaribu kuona taarifa hiyo itasomekaje makao makuu: mtumishi afukuzwe kwa kuponya kijiji kwa kufuata maandishi ya ofisi. Mwishoni alimwuliza Tabitha kama anaweza kukaa bila sabuni mpaka mgao ujao.

"Kwa wagonjwa au kwangu?"

"Kwako."

"Majivu yapo," alisema Tabitha.

Mkaguzi akaingia kwenye gari, akatoka na sabuni yake mwenyewe ndani ya kikasha cha plastiki, ile yenye harufu ya matunda, akamwekea kwenye meza bila kusema neno. Tabitha akainusa, akauliza inatumika mara ngapi kwa siku. Mzee Salum ilibidi atazame milima.

Njiani kurudi, Mzee Salum alimweleza Mkaguzi habari za waokaji na cha jela. Tabitha alikuwa nasi kwenye gari, amepewa lifti mpaka Ihumwa kufuata chanjo, na alicheka peke yake kila tulipoingia kwenye shimo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu pingili.

Taarifa ilipotoka, Tabitha hakuguswa. Mimi niliongezewa muda wa majaribio, na Mkaguzi, sijui kwa makusudi au vipi, aliandika miezi kumi na miwili. "Dazeni nzima," alisema Mzee Salum aliponikabidhi barua, na akaliandika neno hilo kwa penseli pembeni, lote. Kituo cha wazazi tulikipelekea sabuni kutoka akiba ya hospitali, nikaenda mwenyewe kuwaomba radhi wakunga, na wakunga wakaniambia maneno ambayo sitayaweka kwenye daftari hili.

Baada ya hapo ni miaka mingi ya kazi ya kawaida. Mzee Salum alistaafu, akarudi Kondoa kwenye shamba lake. Siku ya mwisho alinikabidhi funguo, akasita, kisha akanikabidhi na kisu. Niliona aibu kulia mbele ya makarani, lakini nililia. Mmenisikia kwa miaka yote hiyo nikiwapigia kelele muandike maneno kamili, na mmekuwa mkisema mama Eliza na dazeni zake. Kompyuta mliyoletewa inafupisha yenyewe, nimeiona. Irudieni kwa kalamu.

Na juzi kwenye ile hafla mliyoniandalia, kati ya hotuba na pilau, mliona mama mmoja akiingia na boksi limefungwa kamba ya katani, mkaulizana ni nani. Ni Tabitha. Naye amestaafu, kule kule, baada ya kupokea nusu ya kijiji kikija duniani. Mikono yake ni laini sasa, niliishika muda mrefu. Juu ya boksi alikuwa ameandika kwa kalamu nene: SABUNI, DOZI 1. MALIZA HATA UKIPATA NAFUU.

Nilikata kamba kwa kile kisu. Nikahesabu mbele yake kwa gumba, pingili kwa pingili, mpaka juu ya kidole cha shahada. Pingili zikaisha, na ndani ya boksi kikabaki kipande kimoja.

"Tabitha, umezidisha. Ni kumi na tatu."

"Dazeni naijua siku hizi, dada," alisema. "Hicho kingine ni cha jela."

Vile kumi na viwili nimeanza kuvitumia, kimoja kwa siku, asubuhi na jioni, na kinachobaki nafulia. Cha jela nimekiweka kabatini, katikati ya nguo za sikukuu.